Matibabu ya mawimbi ya redio kwa kushindwa kuzuia haja kubwa: jibu kutoka kwa aliyefanyiwa

Dada aliyeuliza kama matibabu ya mawimbi ya redio yanaweza kumwepusha na upasuaji, baada ya miaka miwili ya kushindwa kuzuia haja kubwa, amegusa jambo ambalo wengi wetu hulificha hata mbele ya daktari. Mimi nilifanyiwa matibabu hayo miaka minne iliyopita. Jibu langu la mkato ni kwamba yalinisaidia, lakini kidogo, tena kidogo kuliko nilivyotarajia siku niliyosaini fomu ya ridhaa.

Chanzo cha tatizo langu ni uzazi wa kwanza, nilipochanika hadi kwenye msuli wa njia ya haja kubwa na kushonwa usiku uleule. Kwa zaidi ya miaka ishirini sikuona dalili yoyote, mpaka hedhi ilipokoma ndipo nikaanza kukuta nguo ya ndani imechafuka bila mimi kuhisi chochote. Tafadhali zingatia maneno hayo, bila kuhisi, kwa sababu ndiyo ya kwanza ambayo daktari atataka kuyasikia. Misuli inayofunga njia hiyo ni miwili: wa ndani hujikaza wenyewe usiku na mchana bila sisi kuuamuru, na wa nje ndio tunaoubana kwa hiari tunapotafuta choo. Kwa kawaida, udhaifu wa ule wa ndani humfanya mtu avuje bila kujua, na udhaifu wa ule wa nje humfanya ahisi haja ikija huku akiwa hana muda wa kufika. Mimi nilikuwa na yote mawili, ila la kwanza lilizidi.

Kabla ya lolote nilipimwa nguvu ya misuli, kisha nikapigwa ultrasaundi kwa kifaa chembamba kinachoingizwa njia hiyohiyo. Kipimo hicho hakina maumivu, ingawa aibu yake ilinitoa jasho. Kilionyesha kwamba msuli wa ndani umekonda na wa nje una kovu dogo, lakini hakuna pengo kubwa. Suala la pengo lina uzito sana, kwani kama ncha za msuli zimeachana mbali, joto la mawimbi hayo halitazirudisha pamoja. Wenye kuhara kwa muda mrefu, wenye ugonjwa sugu wa kuvimba kwa utumbo na waliowahi kupigwa mionzi ya nyonga nao kwa kawaida hawapewi matibabu haya.

Matibabu yenyewe yaliidhinishwa Marekani mwaka 2002, na nadharia yake ni nyepesi kueleza. Kifaa chenye sindano nne zilizopinda huingizwa, sindano huchoma msuli wa ndani, na nishati ya mawimbi hupasha nyama ile joto hadi nyuzi joto 85 za Selsiasi hivi, huku maji baridi yakipitishwa juu ya utando wa ndani wa njia hiyo ili usiungue. Nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoipa nyama uimara, hujikunja kwa joto hilo, kisha jeraha linapopona sehemu ile inatarajiwa kuwa imekaza zaidi. Nililazwa kifudifudi, nikapewa dawa ya kutuliza na ganzi, na nikawa nasikia mashine ikilia kila mzunguko ulipoanza na ulipokwisha. Kila mzunguko ni sekunde 90, kisha kifaa huzungushwa robo, na ikikamilika duara husogezwa milimita 5 na kazi kuanza upya. Nilijaribu kuhesabu mizunguko nikapotea baada ya kumi na miwili. Jioni ileile nilirudi nyumbani.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya maumivu ya kuvumilika na choo kigumu kilichonitisha. Asubuhi ya siku ya kumi niliona damu mbichi chooni, kama kijiko kimoja cha chai, nikarudi hospitali kwa hofu. Walinichunguza wakakuta kidonda kidogo kwenye utando, nacho kilipona bila kushonwa. Kutokwa na damu siku kadhaa baadaye ni miongoni mwa madhara yanayojulikana ya matibabu haya, lakini hakuna aliyeniambia mapema, na hilo bado linaniudhi kuliko damu yenyewe.

Sasa matokeo. Kupima ukali wa tatizo tulitumia alama za Wexner, ambazo huuliza mambo matano: choo kigumu, choo cha majimaji, hewa, matumizi ya pedi, na kiasi ambacho maisha yamebadilika. Kila jambo hupewa 0 hadi 4, hivyo hali mbaya kabisa ni 20. Nilianza na 15, na baada ya miezi sita nikawa na 12. Kwa lugha ya kila siku maana yake ni kwamba pedi, ambayo nilikuwa siachi hata siku moja, niliweza kuiacha siku mbili au tatu kwa wiki, na choo cha majimaji kilinitoroka mara chache zaidi. Hewa haikubadilika hata kidogo.

Hata hizo alama tatu sithubutu kuzihesabu zote kuwa kazi ya mashine. Katika miezi hiyohiyo nilikuwa nimeanza, kwa mara ya kwanza kwa nidhamu, kutumia unga wa nyuzinyuzi unaofanya choo kishikane, kumeza loperamaidi, dawa ya kuzuia kuhara, kabla ya kutoka, na kufanya mazoezi ya misuli ya nyonga chini ya mtaalamu aliyenionyesha kwenye skrini kama ninabana msuli unaotakiwa au ninabana makalio tu. Kumbe miaka yote nilikuwa nabana makalio! Mashaka yangu yaliongezeka niliposoma jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2017, ambapo wagonjwa 40 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata mawimbi halisi na wengine wakaigiziwa tu matibabu. Pande zote mbili zilipata nafuu. Waliopata mawimbi halisi waliwazidi wenzao, lakini kwa tofauti ndogo ambayo watafiti wenyewe waliona haina uzito katika maisha ya mgonjwa.

Kwa hiyo, dada yangu, ningekuwa wewe ningeanza na daftari. Andika kwa wiki mbili kila tukio, saa yake, choo kilikuwa cha namna gani, na kama ulihisi kabla au hukuhisi, kisha uende nalo kwa daktari wa utumbo na uombe ultrasaundi ya misuli hiyo kabla ya kujadili matibabu yoyote. Jipe miezi mitatu ya nyuzinyuzi, dawa na mazoezi yanayosimamiwa, maana wengi hupata nafuu hapo na hawahitaji kuchomwa sindano. Usipopata nafuu, uliza pia kuhusu kichocheo cha neva za chini ya mgongo, yaani kifaa kinachozisisimua kwa umeme hafifu. Hicho nacho huwekwa kwa upasuaji, ila mdogo, na uzuri wake ni kwamba hujaribiwa kwanza kwa muda mfupi, mara nyingi wiki mbili hivi, ndipo uamuliwe uwekaji wa kudumu. Mawimbi hayana jaribio la namna hiyo, ukishafanyiwa umefanyiwa.

Ukiambiwa una pengo kwenye msuli, mazungumzo yatakuwa ya kushonwa, na swali la kumuuliza mpasuaji si kama utapata nafuu mwaka wa kwanza, bali nafuu hiyo huwa imebaki kiasi gani baada ya miaka mitano, kwa kuwa mara nyingi hupungua. Mimi mwenyewe nimepangiwa kujaribiwa kile kichocheo. Daktari amesema mawimbi niliyofanyiwa hayanizuii kukitumia.