Kwa nini watafiti wa popo wanakaa nje ya pango?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Huku kwetu Kwale kuna pango ndani ya msitu limejaa popo. Juzi walikuja watafiti jioni, wakakaa pale mdomoni na vyombo vyao mpaka usiku, ndani hata hawakuingia. Sasa wamepata nini? Na vijana wanataka kuchoma matairi mle popo wahame, ati wanaleta magonjwa. – Msomaji, Kwale

JIBU: Ndugu yangu, matairi hapana, waambie leo leo. Popo wengi wa mapangoni huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, moshi ukiingia wakati wa kunyonyesha wakubwa wanatoka mbio na vichanga vinaanguka chini vinakufa, kwa hiyo mtamaliza kizazi cha mwaka mzima jioni moja.

Hao wageni walifanya vizuri sana, manake kuingia kunawashtua popo. Wanatega kamera ya infraredi, ile inayoona gizani, pale mlangoni, popo wakitoka magharibi inawarekodi, kesho yake video inachezwa polepole wanahesabiwa. Pembeni kuna rekoda ya kunasa zile sauti kali ambazo sikio letu halisikii, na aina nyingi zinajulikana kwa mlio. Ila lazima kwanza ushike mmoja, umpime, umrekodi, ndio ujue mlio huu ni wa nani.

Mfano mzuri ni aina iitwayo popo wa Hill, kule msitu wa Nyungwe, Rwanda. Tangu 1981 hakuna aliyemwona tena, watu walishaanza kuhofia ametoweka, mpaka Januari 2019 timu aliyokuwemo Mkenya mwenzetu Paul Webala wa Chuo Kikuu cha Maasai Mara ikamnasa, na kwa mara ya kwanza mlio wake ukarekodiwa! Baadaye walinzi wa hifadhi wakatega rekoda msituni kwa miezi, ndio ikajulikana anaishi kasehemu kadogo tu.

Na huku pwani tuna aina nyingine, popo wa Hildegarde, analala kwenye mapango ya matumbawe na anapatikana Kenya na Tanzania tu. Huenda yumo humo mwenu.

Kuhusu magonjwa, vijana hawajakosea kabisa. Wagonjwa wawili wa Marburg, homa kali ya virusi inayoua, 1980 na 1987, walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon. Lakini hiyo ni sababu ya kutoingia ovyo, na moshi utawatawanya tu popo, wengine wahamie darini kwenu. Watoto wakatazwe kucheza mle, anayechota kinyesi cha popo kwa mbolea avae glavu na barakoa. Na hao watafiti wadaini ripoti kwa Kiswahili, isomwe barazani wazee na hao vijana wakiwepo.