Jibu: Fasihi ina kazi gani kwa mwanafunzi wa uhasibu?

Ndugu, umeuliza fasihi ya nini wakati mizania yenyewe (taarifa ya mali na madeni) inawatoa jasho wanafunzi wako. Chukua Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Nyerere ya 1969. Mali ya mfanyabiashara Antonio iko baharini kwenye meli, mkononi hana kitu. Anakopa dukati 3,000 kwa miezi 3, bila riba, adhabu ratili ya nyama yake. Fedha anapewa rafiki yake Bassanio, ambaye tayari ana deni kwake.

Soma nao maonyesho mawili tu: la kwanza, lenye deni la Bassanio, na lile la mkopo. Waandae mizania ya Antonio siku ile, kisha aya moja ya maelezo: ukwasi (uwezo wa kupata fedha taslimu haraka), deni la Bassanio, adhabu. Thamani ya meli haikutajwa, Antonio anasema tu anatarajia marejesho mara tisa ya mkopo, kwa hiyo wakadirie na watetee makadirio. Wengi hukwama kwenye aya: tarakimu wanazo, sentensi hawana. Ukiwauliza dhamira na wahusika badala ya hayo, watanakili muhtasari wa intaneti.