Umenunua Nyumba? Kopo la Rangi Liweke Kando Kwanza

Wiki ya pili tangu tukabidhiwe funguo nilikuwa nimeshanunua rangi. Ndani nyumba tulikuwa tumeipenda: vyumba vina hewa, jiko lina nafasi, sebule inapokea jua la asubuhi. Kilichonikera ni mbele. Ukuta umefifia, mlango umepauka, njia ya kutoka getini imemezwa na majani. Kila niliporudi nyumbani niliona haya, na nilitaka haya hiyo initoke upesi. Fundi akaja, siku tatu kazi ikaisha, ukuta ukang'aa. Tulisimama ng'ambo ya barabara, mimi na mke wangu, tukaitazama nyumba yetu hadi giza likaingia.

Mwezi wa nne, rangi ikaanza kutoa malengelenge usawa wa goti. Nilibonyeza moja kwa kidole likapasuka, yakatoka maji kidogo, na nyuma yake kulikuwa na unga mweupe kama chumvi. Muda si muda ukuta wote wa mbele ukawa unabanduka vipande vipande, kuanzia chini hadi karibu na dirisha. Ulionekana vibaya kuliko siku tuliyoinunua.

Tangu hapo, kila ndugu au rafiki anayenunua nyumba huniuliza rangi gani inapendeza kwa mbele, nami jibu langu ni lile lile: rangi ni ya mwisho, ya kwanza ni maji. Karibu kila kinachoichakaza sura ya nyumba kwa nje ni maji yasiyokuwa na njia. Madoa ya tope ukutani, ukungu wa kijani kwenye pembe zenye kivuli, mbao za mlango zilizooza chini, sakafu ya kibaraza iliyopasuka, yote hayo ukiyafuatilia utayakuta maji.

Ule unga mweupe nao una maelezo yake. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta, na njiani huyeyusha chumvi zilizomo kwenye tofali na saruji. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi inabaki. Sasa mimi nilikuwa nimeuvika ukuta huo rangi nzito isiyopitisha unyevu. Maji yakakosa pa kutokea, yakaisukuma rangi. Hata ningepaka rangi ya bei gani, matokeo yangekuwa yale yale.

Kwa hiyo mvua kubwa ya kwanza ikinyesha baada ya wewe kuhamia, chukua mwavuli utoke nje. Nasema kweli, toka. Nilikaa nje karibu nusu saa na nikajifunza mambo ambayo nisingeyaona kwa mwaka mzima wa jua. Gata la paa lilikuwa limejaa majani makavu, kwa hiyo maji yalimwagika katikati badala ya kufuata bomba. Yalipotua chini yaliruka na tope hadi kwenye ukuta, na hapo ndipo nikaelewa ule mstari wa kahawia ulitoka wapi. Bomba lenyewe lilikuwa linamwaga maji pale pale kwenye msingi. Na mbele ya dirisha la chumba cha watoto, maji yalisimama.

Hilo la mwisho jirani yetu alikuwa ameshaniambia. Ni mzee aliyeishi mtaa huo kabla nyumba yetu haijajengwa. Siku fundi anapaka rangi, alisimama kwenye uzio akanisalimia, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo pembe ya kushoto maji husimama." Nikamwitikia kwa heshima na nikaendelea na shughuli zangu. Muulize jirani wa siku nyingi kabla hujamuuliza fundi, na akikujibu, msikilize. Yeye ameiona nyumba yako kwenye mvua nyingi, wewe hujaiona hata moja.

Kulitengeneza tatizo hakukuhitaji utaalamu mkubwa, kulihitaji jasho. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa akiongeza udongo kwenye bustani iliyogusana na ukuta, mwaka hadi mwaka, hadi udongo ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Ukuta ulikuwa umezikwa kwenye tope, huwezi kuulaumu kwa kulowa. Tuliuchimba udongo huo kwa beleshi na kuuhamisha kwa toroli hadi ukawa chini ya usawa wa sakafu kwa sentimita 15 hivi. Kisha tukainamisha ardhi itoke nyumbani kwenda nje. Kipimo kinachotumika sana ni kushuka sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Nyosha uzi, weka pima maji, utaona mwenyewe kama inainama au inakudanganya. Chini ya ukingo wa paa tukamwaga mkanda wa kokoto, ili matone yakidondoka yasirushe tope. Gata tukalizibua, bomba tukaliongezea urefu limwage mbali.

Halafu tukangoja. Hapa ndipo wengi wanashindwa, na nawaelewa, maana ukuta uliobanduka unachukiza macho kila asubuhi. Ila ukuta uliolowa kwa miaka haukauki kwa wiki moja. Rangi iliyolegea nilikwangua yote. Ile chumvi niliiondoa kwa brashi ngumu na kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka, inarudi ndani ya ukuta, na kesho itatoka tena. Palipokuwa na lipu inayosikika kama ngoma ukiigonga kwa mpini wa bisibisi, tuliibomoa na kupiga mpya. Lipu mpya ya saruji nayo huachwa kama wiki nne kabla ya kupakwa rangi. Kujua kama ukuta umekauka, bandika kipande cha nailoni sehemu yenye kivuli, ziba kingo zote kwa utepe, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, bado.

Miezi hiyo ya kungoja haikuwa ya kukaa bure. Kwa kweli ndiyo iliyobadilisha sura ya nyumba kuliko rangi yenyewe. Tulianza kwa kuondoa. Vyungu vilivyopasuka, waya za antena ya zamani zilizokuwa zinaning'inia, misumari isiyoshika kitu, kibao cha tangazo lililofutika, tofali zilizobaki kwenye ujenzi wa nani sijui. Jirani mmoja alidhani tumeshapaka upya, kumbe tulikuwa tumefuta vioo na kubeba takataka tu. Vioo vioshe nje na ndani, kioo kichafu huifanya nyumba ionekane imelala. Sakafu ya kibaraza ilikuwa na ukungu mweusi, nikaisugua kwa maji yenye dawa ya klorini na brashi ya mti mrefu. Angalizo: dawa hiyo usiichanganye kamwe na siki, asidi ya chooni, wala kitu chochote chenye amonia, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Na kama utakodi mashine ya kupuliza maji kwa nguvu, iweke mbali na lipu ya zamani na viungo vya tofali. Inakula saruji ukiwa unadhani unasafisha.

Kisha mlango. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha mbele ya nyumba nikifanye vizuri, nitachagua mlango, kwa sababu ndipo mgeni anaposimama kungoja. Ukuta anaupita, mlango anautazama kwa dakika nzima akiwa hana kingine cha kutazama. Wetu ni wa mbao nzito, na ulikuwa umepigwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Kwenye kona iliyochubuka niliweza kuzihesabu: nyeupe, kahawia, kijani, kahawia tena. Kabla hujaanza kupiga msasa rangi ya zamani namna hiyo, fikiria madini ya risasi, si risasi ya bunduki. Kwa miaka mingi rangi za nyumba zilichanganywa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilifuata baadaye. Vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto wadogo na wajawazito. Rangi ikiwa ya zamani na huna namna ya kuipima, usiipige msasa mkavu. Ilowanishe kwanza, vaa barakoa inayozuia vumbi laini, tandika turubai chini, watoto wawe mbali.

Tuliung'oa mlango kwenye bawaba na kuulaza juu ya meza mbili. Fundi seremala akaugeuza, akanionyesha ukingo wa chini. Ulikuwa mti mtupu, haujawahi kuguswa na brashi tangu utengenezwe, mweusi kwa unyevu na laini kiasi kwamba ukucha uliingia. Watu wengi hupaka mlango ukiwa umesimama mahali pake, kwa hiyo ukingo wa chini na wa juu hausogelewi, na huko ndiko maji yanakoingilia. Ndiyo maana mlango unavimba na kukwama. Tulikata kipande kilichooza, tukaunga mti mpya, tukapaka praima, yaani rangi ya chini ya kutangulia, pande zote sita, halafu rangi mikono miwili, tukipitisha msasa laini katikati. Kitasa cha zamani nilikisugua kikarudia mng'ao wake wa shaba. Bawaba nilizitia mafuta. Mlango unaofunguka bila kulia ni sehemu ya sura ya nyumba, hata kama haupigwi picha.

Njia na ngazi nisingezigusa kama si mama mkwe. Alikuja kututembelea, akapanda ngazi mbili vizuri, ya tatu akajikwaa, akashika ukuta. Hakusema kitu. Nilipopima jioni nikakuta ngazi ya tatu imezidi wenzake kwa sentimita tatu. Mguu huizoea ngazi kuanzia hatua ya kwanza, ikibadilika kidogo tu mtu anaanguka. Tukaisawazisha. Njia nayo tukaipanua ifike sentimita 120, ili watu wawili waweze kutembea pamoja wakiongea badala ya kufuatana kama siafu.

Taa: chagua zenye mwanga wa joto, kwenye pakiti tafuta kati ya 2700K na 3000K. Zile nyeupe zenye kuelekea bluu zinaifanya nyumba ionekane kama kituo cha mafuta. Mwanga uangukie kitasa na ngazi, usimpige mgeni machoni. Namba ya nyumba iwe kubwa na isomeke usiku kutoka barabarani. Anayekuja na gari la wagonjwa hajui kwako.

Ukuta ulipokauka ndipo nikarudi kwenye rangi, na safari hii nilichagua tofauti. Sikuanza na kitabu cha rangi, nilianza na vitu ambavyo sitavibadilisha: paa na mawe ya kibaraza. Nilipaka sampuli tatu kwenye vipande vya mbao nyembamba, vikubwa kama gazeti lililofunguliwa, nikawa navihamisha ukutani asubuhi, adhuhuri na jioni. Ile niliyoipenda dukani ilionekana nyeupe kabisa kwenye jua la mchana. Rangi ikiwa nje, juu ya eneo kubwa, hung'aa kuliko kwenye kadi, kwa hiyo ukisita kati ya mbili, chukua iliyokolea kidogo. Nilichukua rangi inayopumua, isiyofunga ukuta, na chini nikaweka mkanda mweusi kidogo wa urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, kwa sababu mvua ni mvua tu, tope halikosi. Fundi asipake ukuta ukiwa unachomwa na jua. Rangi hukauka juu kabla haijashika. Azunguke nyumba akifuata kivuli.

Mimea tuliiachia mwisho, na nashauri using'oe kitu kabla hujakaa nacho misimu yote. Kuna kichaka kikavu kando ya geti nilikuwa nimeshakinolea panga, mke wangu akanizuia. Kilichanua. Ukipanda, pima kutoka ukutani kwa kuangalia mmea utakavyokuwa ukikomaa, siyo ulivyo kwenye kopo leo. Miti yenye mizizi mikali iwe mbali na msingi na mabomba. Mmea wa kutambaa usiuache ushike lipu, uwekee waya uliosimama mbali kidogo na ukuta hewa ipite. Na vyungu vitatu vikubwa vinapendeza kuliko kumi vidogo, tena ni rahisi kuvimwagilia.

Jambo moja dogo kabla hujawaaga mafundi. Waombe rangi iliyobaki, imimine kwenye kopo dogo linalojaa hadi juu ili hewa isiingie, kisha andika jina na namba yake kwa kalamu ya wino mzito mahali pasipofutika. Sisi tumeandika ndani ya mlango wa stoo: ya ukuta, ya mkanda wa chini, ya mlango, na tarehe. Juzi baiskeli ya mtoto ilichubua ukuta karibu na kibaraza. Nilisoma namba, nikachota kijiko cha rangi, na kabla ya chakula cha jioni pale mahali palikuwa hapaonekani.