Kuomba ndaki ya madini na jiolojia UDOM

Dada, umeuliza kama mdogo wako apeleke maombi kwenye ndaki yenyewe (yaani kitengo cha chuo kinachofundisha fani zinazohusiana) au chuo kikuu. Ni chuo kikuu. Ndaki za UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) hazipokei maombi ya shahada ya kwanza kila moja kivyake. Mnaingia mfumo mmoja wa udahili, kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, na mnachochagua ni programu, siyo ndaki. Akichagua jiolojia, ndaki imeshajichagua.

Hapo ndipo wengi wanateleza. Wanaona wana jumla ya alama 4.0 kwa masomo mawili ya A-level (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1) wanadhani basi, mlango uko wazi. Hicho ni kiwango cha chini tu. Kila programu ina masomo yake inayoyataka, na darasa likiwa dogo ushindani unapanda. Afungue kitabu cha mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha mwaka huu, asome mstari wa programu yake neno kwa neno. Cha mwaka jana asikiamini.

Machaguo yanayofuata ayapange vizuri, asijaze ilimradi. Akipata vyuo viwili, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri atakayotumiwa. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) unaombwa kando. Kwa ajili ya huo mkopo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo.

Halafu asije na viatu vya fasheni: UDOM ni vilima, na kutoka ndaki moja hadi nyingine ni safari.