Usinunue laptopu mpya kwa sababu ya Windows 10

Tangu Windows 10 ifikie mwisho wa msaada wake wa kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, watu hapa Dodoma wananiuliza kama wanunue mashine nyingine. Wengi ni wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na Chuo cha Mipango, na mikononi wana HP EliteBook 840 G3 au ThinkPad T460, zile zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika. Hizo zina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, wakati Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Fundi anaweza kuisakinisha kwa nguvu ikakubali, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho.

Jibu langu ni usinunue. Ongeza memori (RAM) ifike GB 8, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, diski ya kasi isiyozunguka, halafu weka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Ndiyo ninayotumia kila siku, kwa kazi na kwa magemu.

Napendekeza Mint kwa sababu mtu aliyezoea Windows hapotei: menyu iko kona ya chini kushoto, mafaili yanafunguka vilevile. Toleo la 22 linapewa masasisho hadi 2029. Na kwa sisi tunaoishi kwa bando, kuna jambo kubwa zaidi: Mint inakuonyesha orodha ya masasisho na ukubwa wake, kisha inasubiri. Usiporuhusu, haishushi. Hakuna kuamka ukakuta bando la wiki limeisha usiku.

Halafu kuna flashi. Anayechapisha kazi steshenari anajua: unatoa flashi, unafika nyumbani, kila folda imegeuka shotikati na ripoti yako haionekani. Chomeka flashi hiyo kwenye Mint. Utaona zile shotikati zenye mkia wa .lnk, na pembeni yake folda ambayo Windows ilikuwa inaificha, mara nyingine haina hata jina. Ingia humo, mafaili yako yote yapo. Nakili, futa takataka, basi. Kirusi kile kimeandikwa kwa ajili ya Windows, hakijiendeshi hapa. Simaanishi Linux haina virusi kabisa, lakini huu unaotusumbua kila siku unabaki kuwa faili la kufuta tu.

Kwa kazi za ofisini kuna LibreOffice, programu za bure za kuandika na kuhesabu. Inafungua mafaili ya Word, ila majedwali na namba za kurasa huweza kuhama, hivyo kazi ya kuchapishwa ipeleke ikiwa PDF. Kama riziki yako ni AutoCAD, Photoshop au QuickBooks ya kwenye kompyuta, baki na Windows, au weka mifumo yote miwili. Yeyote anayekuambia utazoea mbadala, muulize kama yeye ndiye atakayemjibu mteja wako.

Sasa magemu, maana hapo ndipo vijana wanaposita. Mwaka 2018 Valve, wenye duka la magemu la Steam, walitoa Proton ndani ya Steam hiyo, programu inayotafsiri amri za gemu la Windows ili Linux izielewe. Hakikisha imeruhusiwa kwenye mipangilio ya Steam, na mengi ya kucheza peke yako yanakubali bila hatua nyingine. Dota 2, Counter-Strike 2 na Euro Truck Simulator 2 yana matoleo ya Linux yenyewe. Ukuta uko kwenye magemu ya mtandaoni yenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu: Valorant, Fortnite na League of Legends hayachezeki. GTA V hadithi yake inaenda, lakini GTA Online ilifungwa kwa Linux tangu Septemba 2024. Kabla ya kuamua, tafuta kila gemu lako kwenye ProtonDB, tovuti ambako wachezaji huandika gemu gani linakubali kwenye Linux. Kama unaishi kwa Valorant, usihame. Na ujue Linux haiongezi nguvu ya kadi ya picha. HD 520, kadi ya picha ya kwenye EliteBook 840 G3, inabaki HD 520.

Gemu la GB 40 kwa bando ni maumivu. Kama rafiki yako analo na wewe umelinunua, anza kulishusha kwenye Steam, lisimamishe, nakili folda lake kutoka kwake uliweke ndani ya steamapps/common, kisha endelea. Steam itakagua iliyopo na kushusha kilichopungua tu. Liweke kwenye diski iliyofomatiwa kwa ext4, mpangilio wa diski wa Linux. Likikaa kwenye NTFS, mpangilio wa Windows, Proton husumbua.

Usifute kitu bado. Hamishia mafaili yako kwenye diski ya nje, shusha Mint uiandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, washa mashine ukibonyeza F9 kwa HP au F12 kwa ThinkPad, na Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows. Jaribu sauti, Wi-Fi, kamera na printa. Wi-Fi isipotokea, unganisha simu kwa waya wa USB na ushiriki intaneti, kisha fungua Driver Manager ya Mint itafute draiva. Ukiamua kuweka mifumo miwili, zima Fast Startup (kuwaka haraka) ndani ya Windows kwanza, la sivyo Mint itaweza kusoma diski ya Windows bila kuandika. Na usianze kusakinisha kabla betri haijajaa, umeme wetu unajulikana.