Isomeni Jeni Pande Zote Mbili: Kwa Mnaoanza Kazi ya Kuunda Mimea Maabarani

Karibuni. Mwaka wangu wa kwanza maabarani hapa Kisumu nilipoteza wiki sita kwa sababu ya herufi sita za DNA, na sitaki ziwapotee ninyi.

Vipande vyetu tunaviandaa kwa kimeng'enya kiitwacho BsaI. Hutafuta herufi GGTCTC, kisha hukata pembeni yake na kuacha ncha ya herufi nne. Ncha hizo unazichagua mwenyewe, kwa hiyo promota (kipande kinachoiwasha jeni) hushika jeni, jeni hushika kitamatishi (kipande cha kuonyesha mwisho wake), kila kipande mahali pake, ndani ya kichupa kimoja. Ni kazi tamu inapokubali. Yangu ilikataa. Kila asubuhi nikifunua sahani nakuta makoloni ya bakteria ya buluu tu, maana yake plasmidi, duara la DNA la kubebea vipande hivyo, imebaki kama ilivyokuwa. Nikabadilisha bafa. Nikaagiza kimeng'enya kingine kutoka ng'ambo, nikangoja. Kumbe ndani ya jeni yenyewe, jeni ya mtama, mlikuwa na GAGACC. Hiyo ni GGTCTC ileile ikisomwa kinyume kwenye uzi wa pili wa DNA, na BsaI haibagui uzi. Mimi nilikuwa nimekagua mmoja.

Dawa ilikuwa herufi moja. Pale herufi hizo zilikaa kama kodoni mbili kamili (kodoni ni herufi tatu zinazoita kiungo kimoja cha protini), GAG na ACC. GAG na GAA zote huita kiungo kilekile, glutamati, basi nikaandika GAAACC: protini ileile, na BsaI haioni tena pa kukata. Ukaguzi huo kwenye kompyuta ni dakika tano. Ufanyeni kabla ya kulipia DNA.

Mtama kwetu si mchezo. Shambani kwa mama mdogo, Siaya, kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, huchanua zambarau kati ya mistari huku mtama umedumaa. Mtama uliokosa jeni LGS1 hutoa mizizini strigolaktoni, kemikali inayoziamsha mbegu za gugu hilo, ya aina nyingine, na mbegu nyingi za kayongo haziamki. Nikichoka, huwa nawaza shamba lile.

Kisha joto. Agrobacterium, bakteria anayetuingizia DNA kwenye seli, hutaka nyuzi 28 au chini kidogo. Zikizidi, hushindwa kuunda kijibomba cha kuipitishia. Wenzetu wa Njoro wana baridi yao. Hapa chumba cha mimea hupita 30 mchana, kwa hiyo mimi hufanya kazi jioni. Bomba la sindano lisilo na sindano, lenye maji ya bakteria huyo, mdomo wake chini ya jani la Nicotiana benthamiana, jamaa ya tumbaku, kidole upande wa pili, sukuma polepole. Utaona doa la kijani kilichoiva likitambaa kama maji kwenye karatasi. Likisimama, acha, ukilazimisha, jani hupasuka. Chungu kikae penye ubaridi siku tatu.

Kama hamna hadubini ya kuona mng'aro wa kuonyesha kuwa jeni imeingia, tumieni RUBY, mfumo wa jeni tatu uliotangazwa mwaka 2020. Hugeuza tirosini ya mmea kuwa rangi ya bitruti, na unaiona kwa macho bila kuua jani.

Kibali cha kamati ya usalama na cha mamlaka ya kitaifa kitangulie yote hayo. Sheria ya Kenya ya usalama wa viumbe ya mwaka 2009 inataka hivyo, na watu wa huku wana haki ya kujua tunachokuza.

Na stima hupotea. Kila plasmidi, mbali na ile ya kwenye friza, dondosheni tone lake kwenye karatasi ya kuchujia, likauke, kisha lizungusheni kwa penseli na mwandike pembeni: jina, tarehe, nani aliyeiunda.