Kabla kobe hajafika nyumbani: ukuta, udongo na banda la usiku

Kobe wanaofugwa majumbani huumizwa zaidi na mahali walipowekwa kuliko na kitu kingine chochote. Utamkuta kwenye beseni la plastiki, kwenye kibaraza cha saruji, au kwenye kizimba kilichokuwa cha sungura. Na kwa kuwa huvumilia kwa miezi bila kutoa sauti, mwenyewe hushtuka gamba limeshalainika au pua inatoa makamasi. Kwa hiyo tunaanza na makazi. Chakula kitafuata.

Tunamzungumzia kobe chui, yule mwenye gamba la rangi ya majani makavu lenye madoa meusi. Akikomaa, gamba lake mara nyingi huwa na urefu wa sentimita 30 hadi 45, na uzito wa kilo 10 hadi 18 ni wa kawaida. Anaweza kuishi miaka 50 na zaidi, kwa hiyo fikiria mapema nani atamtunza baada yako. Mambo mawili kuhusu maumbile yake ndiyo yanayopanga makazi yote: hachimbi shimo refu la kujificha, na halali usingizi wa miezi ya baridi kama walivyo kobe wa Ulaya. Baridi ikija, yuko macho na hana pa kukimbilia ila ulipomjengea.

Neno moja la sheria kwanza. Kobe ni mnyamapori. Kenya (sheria ya wanyamapori ya 2013) na Tanzania (sheria ya 2009) zinataka kibali ili kumfuga. Usimwokote porini, wala usimnunue kwa mtu anayemuuza kando ya barabara, hata kama unamwonea huruma, maana pesa yako ndiyo itakayomrudisha muuzaji porini kesho. Na yule kobe bapa wa kwenye nyufa za miamba aachwe huko huko. Tangu 2019 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori na mimea; hiyo ni orodha ya wale ambao biashara yao kati ya nchi na nchi imekatazwa.

Sasa uzio. Kobe mmoja mkubwa anahitaji angalau mita 6 kwa 4, sehemu moja jua, nyingine kivuli cha mti au kichaka. Ukuta uwe wa tofali au mbao zilizobanana, kimo sentimita 50 hadi 60, na uzikwe sentimita 15 chini ya ardhi. Usitumie wavu wa kuku wala senyenge. Kobe akiona upande wa pili huamini kuna njia, atasukuma kutwa nzima mpaka pua ichubuke, na miguu hunasa kwenye matundu. Akikosa pa kuona, hugeuka na kwenda zake. Angalia pembe za uzio kwa makini, kwa sababu kobe hupanda kwa kujikaza kati ya kuta mbili zinapokutana. Ziba kila pembe kwa ubao wa pembetatu juu yake. Akianguka chali juani bila kivuli, anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Ardhi iwe udongo wa kawaida wenye nyasi, usiopigwa dawa ya magugu wala kuwekwa mbolea ya dukani. Saruji husaga kucha na sehemu ya chini ya gamba.

Banda la usiku ndilo linalopuuzwa kuliko yote, hasa kwa wanaoishi Limuru, Njombe au Arusha, ambako usiku wa Juni hadi Agosti joto hushuka chini ya nyuzi 15. Kobe mkubwa mwenye afya huvumilia baridi kiasi akiwa mkavu. Kinachomuua ni baridi ikikutana na unyevu: mapafu hujaa, na kwa kuwa kobe hawezi kukohoa kama sisi, uchafu haumtoki. Jenga kibanda cha mita 1 kwa 1, kimo nusu mita, sakafu ikiinuliwa sentimita 10 kutoka ardhini na mlango ukitazama mashariki ili jua la asubuhi liingie. Mlango uwe na upana wa sentimita 50 na njia ya kuingilia iwe na mwinamo mdogo. Bati likiwa peke yake huoka mchana na kuganda usiku, kwa hiyo weka mbao au makuti chini yake. Tandika nyasi kavu unene wa sentimita 15, na ubadilishe mara zinapolowa.

Mahali ambapo usiku hushuka chini ya nyuzi 15, weka chanzo cha joto chenye themostati, yaani kidhibiti joto, ukilenga nyuzi 20 hivi. Balbu ya vifaranga ikining'inizwa karibu na kobe mkubwa huunguza juu ya gamba huku tumbo likibaki baridi. Joto lienee kwenye banda zima. Jiko la mkaa ndani ya kibanda kilichofungwa halifai kabisa. Hewa yake ya sumu humwua kobe kama inavyomwua mtu.

Kobe wachanga ni habari nyingine. Hao hawawekwi kwenye uzio wa wakubwa kabla gamba halijafika sentimita 15 hivi, maana kunguru, mwewe, panya na siafu huwamaliza. Tengeneza boksi la mbao la sentimita 120 kwa 60, lifunikwe kwa wavu mdogo, na miguu ya meza inayolibeba isimame ndani ya makopo ya maji ili siafu wasipande. Ndani weka sentimita 10 za udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na chenga za makumbi ya nazi, zile ambazo maduka ya pembejeo huziita kokopiti. Finya udongo huo mkononi: ushikane bila kutoa tone la maji. Maranda na unga wa mbao hukausha hewa na kuwasha macho, na mchanga mtupu ukiliwa pamoja na chakula huziba utumbo.

Unyevu huo una kazi kubwa. Kobe mchanga akikulia pakavu, kila kigae cha gamba huinuka na kuwa kinundu kama piramidi, na kikishainuka hakirudi. Watu wengi hulaumu chakula peke yake, lakini utafiti wa Vienna uliochapishwa 2003, uliofanywa kwa kobe wa Sahel, ulionyesha kuwa hewa kavu ilichangia zaidi ya protini. Kwa wachanga lenga unyevu wa asilimia 70 hadi 80, na usiku usiwe chini ya nyuzi 20. Upande mmoja wa boksi uwe na nyuzi 32 hadi 35, mwingine nyuzi 25, ili achague mwenyewe.

Jua halisi ni lazima, kwa sababu bila miale yake kobe hatengenezi vitamini D na mifupa hulainika. Jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki. Kioo huzuia miale hiyo. Na usimtoe nje ndani ya beseni au tangi la kioo, linageuka tanuri kwa dakika chache. Anayemfuga ndani ya nyumba katika nchi za baridi anunue taa ya mrija ya UVB, yaani inayotoa miale hiyo, na kuibadilisha kila mwaka, hata kama bado inawaka.

Maji yawekwe kwenye sahani pana ya chungu cha maua, iliyozikwa usawa wa ardhi, kina kisizidi kidevu chake. Kobe si kasa, anaweza kuzama. Wachanga waloweshwe kila siku dakika 15 hadi 20 katika maji ya vuguvugu yanayofika pale gamba la juu linapokutana na la chini. Wakubwa mara moja au mbili kwa wiki. Humo watakunywa, watajisaidia, na utaona uji mweupe ukitoka. Ukiwa laini kama dawa ya meno, vizuri. Ukiwa na chembe kama mchanga, hanywi maji ya kutosha na mawe ya kibofu yako njiani.

Chakula ni nyasi na magugu, robo tatu ya mlo au zaidi: ukoka, kikuyu, mchunga, kishona nguo, majani na maua ya haibiskasi, na mpungate ulioondolewa miiba. Mchicha na spinachi vina kitu kinachoshika kalsiamu isitumike mwilini, kwa hiyo viwe vya mara moja moja. Matunda huchachuka tumboni na kuleta kuhara. Ugali, wali, mkate, maziwa na chakula cha mbwa visimkaribie. Mfupa wa ngisi uachwe uziani aung'ate apendavyo, na wachanga wanyunyiziwe chokaa ya mifugo kiasi cha ncha ya kijiko, mara mbili kwa wiki.

Kobe hahitaji mwenzake. Madume wawili hugongana mpaka mmoja anapinduliwa, na hata jozi tulivu mara nyingi ina mmoja anayenyimwa chakula na jua. Mbwa asiachwe naye peke yake, hata mbwa mpole, kwani gamba kwake ni mfupa wa kutafuna. Kutoboa gamba ili kumfunga kamba ni ukatili: gamba ni mfupa ulio hai, lina damu na mishipa ya fahamu.

Jike anahitaji kilima cha udongo laini wenye kina cha sentimita 30, kwa sababu hutaga hata asipokuwa na dume. Akichimba siku kadhaa bila kutaga, mpeleke apigwe eksirei.

Mpime uzito kila wiki, saa ile ile, na uandike. Akipungua wiki tatu mfululizo, mwone daktari wa mifugo, na kabla hajafungua mkoba mwambie wazi: ivermectin hapana. Dawa hiyo inayochomwa ng'ombe na mbuzi kila siku humpoozesha kobe na kumwua. Kupe mtoe kwa kibanio, mmoja mmoja, kisha unawe mikono kwa sabuni, maana kobe mwenye afya tele anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaomharisha mtu.